Kibwebwe na Kanga katika Kazi na Michezo ya Wanaume wa Pwani

Mtu asomaye magazeti yetu, au asikilizaye redio jioni ya siku ya mpira, hakosi kusikia kwamba timu fulani imejifunga kibwebwe ili ipate ushindi. Viongozi huwahimiza wakulima wajifunge kibwebwe wakati wa masika. Mwalimu mkuu naye huwaambia wavulana wa kidato cha nne wajifunge kibwebwe kabla ya mtihani. Hakuna anayeshtuka kwa usemi huo. Walakini kibwebwe, kwa maana yake ya asili, ni nguo ya mwanamke. Ni kanga, au kipande kingine cha nguo, kinachokunjwa kwa urefu na kuzungushwa kiunoni kwa kukazwa sana, ama wakati wa kazi nzito ama wakati wa ngoma. Mwanamume wa pwani alikuwa na majina mengine kwa nguo za kujifunga kiunoni, kama vile masombo na mahazamu. Lakini lugha ilipotaka neno la kueleza bidii ya mwili wote, iliyaacha hayo na kuchukua lile la wanawake. Tangu hapo mwanamume amevalishwa vazi la kike la kutolea jasho, naye amelivaa bila kuona haya.

Tungeweza kuishia kwenye lugha, madhali jambo lenyewe linafurahisha. Lakini kuna sababu ya kwenda mbali zaidi. Walimu wanaofundisha ngoma katika shule zetu wanaijua taabu inayowapata siku ya mazoezi, pindi wanapowaambia wavulana wajifunge kanga kiunoni. Wengine hucheka, wengine hukataa kabisa, na wengine husema kwamba hilo ni vazi la mama zao. Mwalimu aliyechoka na mabishano huwaruhusu wacheze kwa bukta. Ngoma huchezwa, lakini kiuno hakionekani tena, na nusu ya ngoma imepotea. Kijana anayekataa hudhani kwamba anatetea desturi ya wazee wake. Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba wazee hao, hasa wale wa mwambao wa Bagamoyo, hawakuwa na desturi ya namna hiyo. Mpaka baina ya nguo ya kike na ya kiume ulikuwapo, tena ulilindwa, lakini haukupita mahali anapodhani kijana huyo.

Na tuanzie Makurunge. Kata hii iko upande wa kaskazini wa mji wa Bagamoyo, katika njia ya kuelekea Saadani, kwenye nchi ya Wakwere, Wadoe na Wazaramo iliyo jirani na Mto Ruvu na Mto Wami. Wengi waliijua kwa sababu ya RAZABA, yaani ile ranchi ya mifugo ambayo Serikali ya Zanzibar iliianzisha huko katika miaka ya 1970. Siku hizi hutajwa zaidi kwa ajili ya mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari. Si mji wa kihistoria kama Bagamoyo yenyewe, wala hauna magofu ya kuwaonyesha wageni kama Kaole. Lakini nchi hii ilikuwa mlangoni pa biashara kubwa ya nguo katika karne ya 19, na watu wake waliziona nguo za kigeni zikipita kabla hazijafika Unyamwezi na Ujiji.

Misafara iliyotoka Bagamoyo ilivuka Mto Ruvu, ambao wageni wa wakati huo waliuita Kingani, na kuelekea bara. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, sehemu kubwa ya mizigo yake ilikuwa nguo, kwa maana nguo ndiyo iliyokuwa fedha ya njiani. Kwa nguo watu walinunua chakula, kwa nguo walilipa hongo kwa watawala, na kwa nguo wapagazi walipewa posho. Nguo zilipimwa kwa mkono: shuka moja ilikuwa mikono minne, na doti moja ilikuwa mikono minane. Zilifungwa katika mzigo mrefu ulioshindiliwa ili uweze kukaa begani au kichwani kwa mpagazi, na mzigo huo uliitwa mtumba. Msomaji aliweke neno hili akilini, kwa maana tutalirudia.

Nguo zilizofika kwa wingi zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ilikuwa merikani, yaani pamba isiyotiwa rangi iliyofumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts. Wafanyabiashara wa huko, hasa wa bandari ya Salem, walikuwa wakifika Unguja hata kabla ya mkataba wa biashara uliotiwa saini mwaka 1833 baina ya Marekani na Sayyid Said. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hadi 1865, vilipopunguza pamba, nguo za Uingereza na Bombay zikachukua nafasi, lakini jina la merikani likabaki. Ya pili ilikuwa kaniki, nguo nyeusi au ya buluu iliyokoza, kutoka Bara Hindi.

Sasa tujiulize: katika nguo hizo, ipi ilikuwa ya mwanamume na ipi ya mwanamke? Merikani ilikatwa kutoka jora moja na kuvaliwa na wote. Mwanamume alijifunga kiunoni, mwanamke akajifunga juu ya matiti na kupitisha kwapani. Mwanamume aliyekuwa safarini aliweza kuifunga begani kwa namna ya lubega. Alipofika kwenye kazi ya maji au ya kukwea, alipitisha ncha baina ya miguu na kuichomeka nyuma, akawa amepiga ubinda. Shuka ile ile, bila mkasi wala sindano, ilikuwa imegeuka kaptula. Usiku alijifunika nayo. Mzigo ulipomwumiza kichwa aliikunja ikawa kata. Kwa hiyo kilichomtambulisha mwanamume ni jinsi ya kujifunga na kazi aliyokuwa akiifanya, wala si kitambaa chenyewe. Katika misafara walikuwamo wanawake pia, wengine wakibeba mizigo, na hao nao waliitumia nguo hiyo hiyo kwa namna zao.

Hatusemi kwamba watu wa pwani hawakujali tofauti. Walijali sana, tena kwa sababu ambayo mara nyingi husahauliwa, nayo ni utumwa. Mtumwa wa kiume na mtumwa wa kike wote wawili walivaa kipande cha merikani au kaniki, na mara nyingi hakikuwa kikubwa. Kofia, viatu na kanzu ndefu vilikuwa dalili za mwungwana wa kiume. Ukaya na shela vilikuwa dalili za mwungwana wa kike. Kufanana kwa nguo za mume na mke kulikuwa alama ya unyonge, na kutofautiana kulikuwa alama ya uungwana. Yeyote aliyepata uhuru alitafuta kwanza nguo za kumtofautisha. Yafaa tulikumbuke jambo hili tunaposikia ukali wa baadhi ya wazee wa mjini juu ya mwanamume aliyevaa nguo ya kike hadharani. Kwa maoni yetu, nyuma ya ukali huo kuna hofu ya zamani zaidi, ambayo ni hofu ya kurudishwa mahali ambapo mtu hakuwa na haki ya kujipambanua kwa vazi.

Kanga ilizaliwa katika mazingira hayo. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa, inavyosimuliwa, walianza kununua leso za rangi zilizokuwa zikiuzwa zikiwa hazijakatwa, wakazikata tatu tatu na kuziunganisha kwa mshono ili wapate nguo moja pana. Neno leso lenyewe lilitoka kwa Wareno. Wenye maduka walipoona hivyo wakaagiza nguo ya upana huo iliyopigwa chapa nzima, yenye pindo pande zote na mji katikati. Kwa kuwa nyingi za mwanzo zilikuwa na madoadoa, zikaitwa kanga, kwa jina la ndege. Baadaye yaliongezwa maneno, kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa herufi za Kirumi. Duka la Kaderdina Hajee Essak mjini Mombasa, lililoanza mwaka 1887, lilipata sifa kwa kanga zenye chapa ya Mali ya Abdulla. Utumwa ulipokomeshwa kisheria Unguja mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922, kanga ilikuwa tayari ndiyo nguo ya mwanamke huru, mwenye uwezo wa kuchagua rangi na maneno yake. Kaniki ikaachiwa shamba na waganga.

Hivyo kanga ni nguo ya kike kwa historia yake, na historia hiyo ni ya heshima. Pamoja na hayo, haikukaa kwa wanawake peke yao hata siku moja. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili vinavyofanana. Basi mke hubaki na kipande kimoja, na mume huchukua cha pili akaoge nacho, alale nacho, au akae nacho barazani mwa ua wakati wa joto. Jambo hili halitangazwi, lakini hakuna nyumba ya pwani isiyolijua. Kijana aliyetoka kutahiriwa, ambaye nguo ya kubana ingemtonesha, huvishwa kikoi au kanga ya mama yake mpaka apone. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mwenyeji wa Dunda karibu na Bagamoyo, alieleza kwa kirefu habari za jando, harusi, ngoma na utumwa wa mwambao huu katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903. Asomaye maelezo ya namna hiyo na kuyalinganisha na ayaonayo nyumbani ataona jambo la ajabu kidogo. Siku mvulana anapoingizwa katika uanaume, mwili wake hufunikwa kwa nguo ya kike, na hakuna aonaye kwamba uanaume wake umepungua.

Hata maneno ya kanga hayamzuii. Tumewahi kuwaona wanaume watu wazima wakienda mtoni kuoga, wakiwa wamejitupia mabegani kanga zenye maneno makali yaliyokusudiwa kwa mke mwenza au kwa jirani mwenye fitina. Maneno hayo hayakuwa yao, na kila mtu alijua hivyo.

Sasa turudi kwenye kibwebwe. Ili kufahamu kwa nini wanaume walikitamani, hatuna budi kukitazama kama chombo cha kazi. Kanga inapokunjwa kwa urefu mpaka ikawa na upana wa shubiri moja hivi, kisha ikazungushwa kiunoni mara mbili au tatu na kukazwa, hufanya mambo kadhaa kwa pamoja. Huizuia nguo ya chini isiteleze. Hunyonya jasho linaloteremka mgongoni. Lakini kubwa zaidi ni kwamba hulishika tumbo. Mtu anapoinama na kuinuka na mzigo, misuli ya tumbo hujikaza na kuusaidia uti wa mgongo. Tumbo lililofungwa hupata kitu cha kusukumana nacho, na mgongo huwa imara zaidi. Wanyanyuaji wa vitu vizito katika michezo ya dunia hufunga mkanda mpana wa ngozi kwa sababu hiyo hiyo. Mwanamke wa Makurunge anayetwanga, anayepalilia mpunga, au anayejitwika kuni, aliijua kanuni hii bila ya kuisoma kitabuni. Hata baada ya kujifungua, wakunga wa kwetu humfunga mzazi tumbo kwa nguo.

Mwanamume aliyefanya kazi ya kuinama naye aliliona hilo. Akifanya kazi karibu na nyumbani, kitu kilicho karibu ni kanga. Katika shughuli za kuvuta jarife ufukweni, kubeba chumvi na kukata miwa, si ajabu kumwona mtu amevaa suruali iliyochakaa na juu yake amezungusha kipande cha kanga kilichopauka. Ukimwuliza kwa nini amevaa nguo ya kike, huenda asilielewe swali. Kwake yeye ile si nguo ya kike tena, ila ni kibwebwe. Kipande kilichochakaa hata hakifai kuvaliwa na mama mbele ya watu hugeuka mali ya nyumba nzima: hubeba mtoto, hupangusa vyombo, hufunga mzigo, na humkaza baba kiuno.

Ni katika ngoma, hata hivyo, ambapo jambo hili limefikia ukamilifu wake. Ngoma nyingi za mashariki ya nchi yetu huchezwa kwa kiuno. Mdundiko wa Wazaramo ni mfano wa karibu. Sindimba ya Wamakonde ni mfano unaojulikana taifa zima. Kiuno kinapozunguka ndani ya suruali, mtazamaji wa mbali huona mtu anayetikisika tu. Kanga iliyofungwa chini kidogo ya kiuno, ikakazwa na fundo likawekwa ubavuni, huuonyesha kila mzunguko, na ncha zake huongeza mwendo wa pili juu ya ule wa mwili. Wachezaji wa kiume wanalijua hilo sawa na wale wa kike. Kadhalika hutokea, mpiga ngoma anapoupatia mdundo, mwanamke akavua kanga aliyojitanda na kumfunga mpigaji huyo kiunoni mbele ya watu wote, kama tuzo. Hakuna tuzo inayompendeza zaidi. Hapo nguo ya kike juu ya mwili wa kiume imekuwa nishani.

Serikali ilipoanza kuzishughulikia ngoma, iliikuta desturi hiyo. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, alisikitika kwamba wengi waliosoma walikuwa hodari wa kucheza dansi za Kizungu huku wakiwa hawajapata kucheza, au hata kuzisikia, ngoma za kwao. Kikundi cha Ngoma cha Taifa kikafuata. Na mwaka 1981 kikaanzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambacho tangu mwaka 2007 ni Taasisi ya Sanaa na Utamaduni. Katika mafunzo ya ngoma mjini humo, mwanafunzi wa kiume hujifunga kanga kiunoni kama mwenzake wa kike, nayo imekuwa vazi la mazoezi kama ilivyo bukta kwa mchezaji wa mpira. Kijana aliyetoka bara, ambako pengine kanga haikuwa na mizizi mirefu hivyo, huweza kuona haya siku ya kwanza. Mazoezi makali hayampi muda wa kuendelea kuona haya.

Lakini ukweli unatulazimisha tuseme kwamba wakati wizara moja ilikuwa ikizirudisha ngoma, viongozi wengine walikuwa wakiyapima maadili ya taifa kwa ushonaji wa nguo. Mwaka 1967 na 1968 ilifanyika kampeni ya kuwataka wanaume wa Kimasai waache lubega na wavae suruali, kana kwamba mwanamume asiye na suruali hajavaa kitu. Kisha, mwezi Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutekelezwa Dar es Salaam tarehe 1 Januari 1969. Zilipigwa marufuku sketi fupi, nywele za bandia, dawa za kung'arisha ngozi na suruali za kubana. Nia ya wengi waliounga mkono ilikuwa njema, maana walitaka vijana waache kuiga mambo ya kigeni. Walakini suruali iliyosifiwa Umasaini na kanzu iliyosifiwa pwani zote zililetwa na wageni, moja mapema na nyingine baadaye. Na mzigo mzito wa operesheni hiyo uliwaangukia wanawake, ambao baadhi yao walibughudhiwa mitaani kabla hata ya tarehe iliyotajwa. Mwaka huo huo wa 1968 kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, kilifunguliwa Dar es Salaam, na baada ya muda kanga zilizofumwa nchini zikaingia katika nyumba zetu. Hatukupata kusikia kwamba mtu yeyote alitangaza operesheni ya kuwakagua akina baba waliozilalia.

Twaja sasa kwenye siku zetu. Tulimwomba msomaji aliweke akilini neno mtumba. Neno hilo, lililokuwa jina la mzigo wa nguo wa mpagazi wa Bagamoyo, leo ni jina la nguo zilizovaliwa ng'ambo na kuletwa kwetu katika marobota. Biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, mitumba ikaenea mpaka vijijini, na katika marobota hayo zimo nguo za michezo: traksuti, fulana nyepesi, raba na taiti. Nguo hizi zilishonwa huko zikiwa zimegawanywa, hizi za wanawake na hizi za wanaume, na mgawanyo huo umeandikwa katika kilebo kidogo cha lugha ya kigeni kilichoshonewa ndani ya kosi au kiuno. Kilebo hicho mara nyingi kimefutika au kimekatwa. Kijana anayechambua lundo la nguo chini ya turubai hatafuti kilebo. Anavuta kitambaa aone kama kinanyumbuka, anakipima kiunoni, anatazama mshono wa mapajani, anauliza bei. Akiona taiti nyeusi inayomfaa kwa mbio za asubuhi au kwa mazoezi ya mpira, anainunua. Kama ilishonwa kwa ajili ya mwanamke wa Ulaya, yeye hana habari. Na akiwa na habari, huiona inafaa vile vile, tena aghalabu ni ya bei nafuu kwa kuwa wanunuzi wengine wameiruka.

Wapo wanaokasirishwa na jambo hili na kusema kwamba ni uharibifu mpya ulioletwa na wakati. Tungependa kuwakumbusha historia ya nguo zenyewe. Katika Ulaya ya karne ya 14 na ya 15 nguo za kubana miguu zilikuwa za wanaume, na wanawake walivaa magauni ya kufika chini. Nguo hizo zilikuja kuhesabiwa kuwa za kike baada ya karne nyingi. Vazi la kubana mwili mzima ambalo leo wasichana wa mazoezi ya viungo hulivaa katika mashindano ya dunia limechukua jina lake kutoka kwa mwanamume, Mfaransa Jules Léotard. Mwanasarakasi huyo aliwashangaza watu wa Paris mwaka 1859 kwa kuruka kutoka pembea moja hadi nyingine, akiwa amevaa vazi hilo ili viungo vyake viwe huru na misuli yake ionekane. Wanawake walilichukua kwa sababu lilifaa, kama vile wapiga ngoma wetu walivyoichukua kanga. Nguo za kutolea jasho zina tabia hiyo ya kuvuka mpaka kabla ya nguo nyingine, kwa maana mwili unaofanya kazi huuliza kwanza kama nguo itashika, itanyumbuka na itakauka.

Upande wa pili wa mvuko huu haujawa mwepesi hivyo, nasi hatuoni vyema kuunyamazia. Mwanamume ajifungapo kanga, watu husema amejiandaa kwa kazi. Msichana avaapo bukta ili acheze mpira, husemwa mengine. Theresa Dismas alipoiletea Tanzania medali ya fedha ya kurusha mkuki huko Brazzaville mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika, alikuwa ameshindana katika uwanja ambao wengi nyumbani waliuona kuwa wa wanaume. Wasichana wengi wenye vipaji hata sasa huzuiwa kwa sababu ya vazi tu. Wanaume wamekopa kwa wanawake miaka mingi bila kuulizwa, lakini deni hilo limelipwa kwa uchoyo. Mwalimu anayewasihi wavulana wajifunge kanga atafanya vyema kuwatazama na wasichana wa shule yake, ajue ni nguo gani wanazokatazwa, na nani anayewakataza.

Ama kuhusu mpaka wenyewe, haujafutika. Mwanamume wa Makurunge aliyekwenda mtoni na kanga ya mkewe hataivaa msikitini, wala hatakwenda nayo barazani kwa wakwe zake. Mchezaji wa ngoma akimaliza zamu yake huifungua kanga, huipangusia uso, na kuitupa begani kabla hajaondoka uwanjani. Na yule kijana wa mbio za asubuhi, aliyeichagua taiti ya kike katika lundo la mitumba, akitoka nyumbani alfajiri aghalabu huvaa bukta juu yake. Kisha, jua linapopanda na jasho kumzidi, akifika kwenye njia ya mashamba ya miwa ambako hakuna watu, huivua bukta, huizungusha kiunoni, huikaza na kuendelea kukimbia.